Jumamosi ya Nyimbo za Mama Pasi

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, ukishapita jiko na stoo ya mitungi ya hewa. Ukifungua mlango, joto linakupiga usoni. Mashine za kufua ziko kushoto zinanguruma, za kukaushia zinafuata, na upande wa kulia, chini ya dirisha, iko mashine ya pasi: rola mbili ndefu za moto zinazomeza shuka lililojikunja na kulitema upande wa pili limenyooka. Mwanamke aliyekuwa akisimama mbele ya rola hizo, kitambaa kichwani, mikono ikienda yenyewe bila kutazamwa, ndiye Mama Pasi. Alikuwa na jina lingine kwenye kitambulisho, lakini hospitali nzima ilishalisahau.

Kwenye nondo za dirisha alikuwa amening'iniza spika ndogo kwa kipande cha kamba. Muziki ulitoka kwenye simu yake, iliyokaa mfukoni mwa aproni, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na orodha ya nyimbo aliyoipa jina moja tu: Zangu. Orodha hiyo ilikuwa kichekesho cha idara. Ilianza na kwaya, ikarukia rumba, ikaingia taarabu, halafu ghafla mtu anapiga kinanda peke yake bila kuimba neno, na kabla hujakaa sawa, vijana wa rapu wanakuja wanagombana na ngoma.

"Mama Pasi, hiyo simu yako ina homa?" Kijiko alikuwa akimuuliza. Kijiko ndiye aliyekuwa akikunja mashuka upande wa pili wa rola, mwanamume mwembamba mwenye kichwa kikubwa kidogo kuliko mwili, ndiyo maana ya jina lake. "Tumetoka kanisani, tumepita baa, sasa hivi tuko wapi?"

"Tuko kazini. Kunja shuka."

Wengine kule ndani walikuwa na miziki yao wanayoiapia. Wa dini hawakutaka kusikia ya dunia, na wa dunia walisinzia zikiwekwa za dini. Mama Pasi peke yake alipenda zote, na alizipenda kwa dhati, si kwa kutaka kumfurahisha mtu. Wimbo ukimgusa, ukishamgusa basi. Hakuuliza umetoka kwa nani.

Tabia hiyo ilishawahi kumponza. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa suruali yenye mstari na sauti ya kukata, aliyefundisha watu kuimba sauti nne wakati hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma noti. Mama Pasi alianza kuimba kwenye kwaya hiyo akiwa bado anapandishwa kwenye kiboksi ili aonekane. Alipofika umri wa kuvunja ungo alikuwa mhimili wa sauti ya pili. Siku moja alikwenda bombani kuchota maji, na wakati ndoo inajaa akaanza kuimba rumba moja iliyokuwa ikivuma redioni wakati huo, wimbo wa mwanamume anayemsihi mpenzi wake asiondoke na basi la asubuhi. Aliimba kwa raha zake, macho amefumba. Alipoyafumbua, baba yake alikuwa amesimama nyuma ya foleni ya ndoo.

Mzee alisubiri siku ya mazoezi, kwaya nzima imejipanga, ndipo akamwambia mbele ya wote, "Wewe toka. Sauti moja haiwezi kuimba huku na kule. Kaa nje."

Akatoka. Lakini kwa kuwa nyumbani kulikuwa mbali na ilibidi arudi pamoja na baba yake, alikaa kwenye ngazi za kanisa, chini ya dirisha, wiki baada ya wiki, akisikiliza. Ndani kila mtu alijifunza sauti yake moja. Yeye kule nje alijifunza zote nne. Miaka miwili baadaye baba yake alimtuma mama amwambie kwamba anaweza kurudi. Akajibu, "Mwambie nimeshazoea nje." Wote wawili walikuwa na shingo ngumu, na kwa mambo ya namna hiyo nani angewapatanisha? Jambo lile likalala. Halikutajwa alipoolewa, halikutajwa alipojifungua, halikutajwa hata mama yake alipofariki na mzee akahamia kwa binti yake, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Walikula meza moja, wakataniana, wakanunuliana dawa za kifua. Ila mbele ya baba yake Mama Pasi hakuimba tena, hata kwa mdomo uliofungwa.

Sasa, ni Kijiko aliyemtia kwenye msukosuko. Mjini kulikuwa na kituo kidogo cha redio, ghorofani, juu ya duka la vioo. Kila Jumamosi asubuhi walikuwa na kipindi ambacho msikilizaji wa kawaida anaalikwa kuleta nyimbo anazozipenda na kueleza kwa nini. Kijiko, bila kumwambia mtu, akatuma ujumbe: hapa kwetu kuna mama ana orodha ambayo hamjawahi kuisikia. Wakampigia simu Mama Pasi akiwa ameshika shuka la wodi ya wazazi.

"Kijiko! Umeniuza?"

"Sijakuuza, nimekutangaza. Nenda kawaaibishe."

Nyumbani habari ilipokelewa kwa shangwe na ubishi. Mumewe, dereva wa malori ya masafa, mtu mwenye tumbo la mbele na kicheko cha kutingisha vikombe, alitaka kujua jambo moja tu. "Wangu upo?"

"Upi wako?"

"Mama watoto, usiniue. Ule wa gitaa, niliokuletea kutoka safari."

"Upo. Ndio wa kwanza."

Akaridhika, akaanza kuutafuna mkate wake kama mtu aliyeshinda kesi. Binti yao, fundi wa kuchomelea, aliyekuwa amekuja na ovaroli yake yenye matundu ya cheche, akasema, "Mama, usithubutu kuweka ule wa kwetu. Watanicheka gereji nzima."

"Nani kasema nitauweka?" alijibu Mama Pasi, na tayari alikuwa ameshauweka.

Mtu mmoja tu hakuambiwa. Mzee alikuwa chumbani kwake, na Mama Pasi aliwakataza wote kufungua mdomo. Maana kati ya nyimbo sita alizochagua, mmoja ulikuwa ile rumba ya bombani. Na mwingine ulikuwa wa kwaya ya baba yake. Kwaya ile ilirekodiwa mara moja tu katika maisha yake, na watu waliopita na mashine yao, wakaacha kaseti moja kama shukrani. Mzee aliamini ilipotea kwenye kuhamahama. Mama Pasi aliikuta ndani ya kopo la vifungo la marehemu mama yake, akaipeleka kwa fundi redio, fundi akaisafisha kwa pamba na spiriti, akaihamishia kwenye simu. Tangu hapo alikuwa akiusikiliza kazini peke yake, kabla wenzake hawajafika. Kila akitaka kumpelekea mzee, aliahirisha. Ataanzaje? Atasema nini kuhusu ile ngazi?

Jumamosi akavaa gauni lake la bluu, akajipigia pasi mwenyewe mara mbili, akaenda.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, meza ya duara, na kioo ambacho nyuma yake kijana wa mitambo alikuwa akinywa chai. Mtangazaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti laini ambayo mtu angeweza kuilalia. Alimvalisha Mama Pasi visikilizio, akamsogezea maikrofoni, akamwambia, "Mama, ongea na mimi tu. Hao wengine wasahau."

Taa nyekundu ikawaka. Mama Pasi aliitika salamu kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza, ule wa gitaa, wa waimbaji wanaovaa kofia kubwa, ulioimbwa kwa lugha ya mbali, mwili ukalegea wenyewe.

"Unajua anasema nini?" mtangazaji akauliza ulipokwisha.

"Sijui hata neno. Mume wangu aliuleta kutoka safarini, tukiwa tumeoana karibuni. Akaniambia maana yake ni 'mke wangu anapika vizuri.' Baadaye nikasikia ni habari ya farasi amekufa."

Kijana wa mitambo alitema chai. Mtangazaji akacheka mpaka akafuta macho, na kuanzia hapo Mama Pasi hakuhitaji kusukumwa. Alieleza taarabu aliyofundishwa na jirani yake fundi cherehani, mwanamke aliyekuwa akiachika na kuimba kwa wakati mmoja, mguu hautoki kwenye pedeli. Alieleza kile kinanda kisicho na maneno. Alikisikia wodi ya wazazi alipokwenda kuchukua mashuka machafu. Muuguzi mmoja alikuwa amekiweka kwenye simu kwa ajili ya msichana aliyekuwa na uchungu wa muda mrefu na hana ndugu karibu. Mama Pasi aliweka kapu chini, akamshika msichana mkono mpaka kinanda kikaisha, kikaanza tena, kikaisha. Mtoto alizaliwa wa kike. "Sijui aliyekipiga ni nani," alisema, "lakini huyo mtu alikuwa pale na sisi."

Kisha rapu. Ngoma ikapiga, sauti ya msichana ikaingia mbio mbio, ikisema habari za nondo na cheche na wanaume wanaoleta kazi kisha wanauliza fundi yuko wapi wakati fundi amesimama mbele yao.

"Huyo anayeongea haraka ni mwanangu," Mama Pasi alisema, na kifua chake kikapanda. "Alirekodi na wenzake gereji. Alinikataza nisiuweke. Anachomelea mageti. Ukipita mjini ukaona geti limekaa sawa, halilii likifunguliwa, kuna uwezekano mkubwa ni lake."

Mtangazaji akatazama saa ukutani, akauma mdomo. "Mama, umetupeleka mbio na muda umetukimbia. Zimebaki nyimbo mbili na nafasi ni ya mmoja. Tupige upi? Rumba au kwaya?"

Kusema kweli, Mama Pasi alikuwa amezipanga hizo mbili mwisho kwa makusudi, akiomba moyoni muda uishe ili asilazimike. Alijua redio ya mzee inawashwa kila Jumamosi kwa ajili ya taarifa ya habari, na huwa haizimwi. Mikono yake ilikuwa mezani, ile mikono yenye alama ndogo za moto kwenye vidole. Aliitazama. Kisha akapiga moyo konde.

"Kwaya," alisema. "Na niseme kitu kabla hujaiweka. Kwaya hii aliifundisha baba yangu. Watu wale walikuwa wapasua mawe, wapika uji, walinzi. Hakuna aliyesoma muziki. Baba alikuwa anawasimamia mmoja mmoja, anamwimbia mtu sikioni sauti yake mpaka inakaa. Mimi nilisikiliza mazoezi nikiwa nje, kwenye ngazi. Sitasema kwa nini. Ila nataka watu wasikie alichokifanya, kwa sababu mimi nimesikiliza nyimbo za kila aina, za kila kona, na bado sijasikia sauti nne zimeshikana hivi."

Wimbo ukaingia na mkwaruzo wake wa kaseti. Kwanza besi, polepole, kama watu wanaoinua kitu kizito. Halafu sauti ya tatu. Halafu zote. Kijana wa mitambo aliweka kikombe chini. Mama Pasi alikuwa ameinamisha kichwa, hakuona taa ya simu ikiwaka upande wa pili wa kioo, wala kijana akimwashiria mtangazaji kwa mikono yote miwili.

"Tuna simu," alisema mtangazaji wimbo ulipokwisha. "Halo, karibu hewani. Nani mwenzetu?"

Kukasikika kikohozi. Mama Pasi alikitambua kabla ya neno.

"Mimi ndiye mwalimu wa hiyo kwaya."

Mtangazaji aliweka mkono kifuani. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Besi wamechelewa kuingia kwenye ubeti wa pili. Niliwaambia."

"Baba..." alisema Mama Pasi.

"Subiri, naongea." Ilikuwa ile ile sauti ya kukata, imekwaruzika tu. "Huyo hapo ni binti yangu. Amesema alikuwa nje na hakusema kwa nini. Nilimtoa mimi. Nilimkuta bombani anaimba mziki wa dansi, nikamtoa. Sisemi nilikosea. Sheria ilikuwa sheria, na wengine wangefuata. Lakini kuna watu mpaka leo wanadhani nilimtoa kwa sababu hajui kuimba. Nataka wasikie. Pale bombani alikuwa anaimba sauti ya pili peke yake, bila wa kwanza wa kumwongoza, na hakutoka nje ya mstari hata kidogo. Kwaya nzima sikuwa na mtu kama huyo. Sikuwahi kuwa naye tena."

Mama Pasi alimgusa mtangazaji mkono, akamnong'oneza kwamba rumba iliyobaki ndiyo ile ya bombani.

"Mwalimu," alisema mtangazaji taratibu, "wimbo aliokuwa anauimba bombani ndio huo uliobaki. Muda wetu umekwisha, lakini..."

"Mwenye kipindi kinachofuata atangoja," alisema mzee, kana kwamba kituo ni chake. "Uweke. Na huyo binti asikae kimya kama mgeni."

Ukawekwa. Gitaa zikaanza kujibizana, mwanamume akaanza kumsihi mpenzi wake. Mtangazaji akaisogeza maikrofoni taratibu. Mama Pasi alifikiri atashindwa. Lakini ilipofika kwenye kiitikio, sauti ya pili ikatoka, kwanza nyembamba, kisha imejaa, ikakaa chini ya ile ya mwimbaji kama mkono chini ya kiwiko. Aliimba mpaka mwisho. Alisahau kufumba macho.

Aliporudi nyumbani, mumewe alimpokea mlangoni, hawezi kusimama sehemu moja. Alimweleza yote kwa vitendo: jinsi mzee alivyokuwa amekaa kitini anachonga njiti ya kiberiti ya kusafishia meno, jinsi aliposikia besi alivyosimama wima, yeye ambaye kusimama humchukua nusu saa, jinsi alivyoanza kuongoza kwa mkono wa kulia, peke yake katikati ya chumba.

"Halafu akanigeukia, macho mekundu, akaniambia, 'Wewe mwenye tumbo, lete simu yako.' Nikamwambia, Baba, utampigia nani? Akasema, 'Sijakuuliza swali, nimekuomba simu.'"

"Na machozi?"

"Mimi sijaona machozi," alisema mumewe kwa uaminifu mkubwa. "Nilikuwa na yangu."

Mzee mwenyewe alikuwa chumbani, dirisha wazi, redio imezimwa. Mama Pasi alisimama mlangoni.

"Ile kaseti umeipata wapi?" mzee akauliza.

"Kwenye vifungo vya Mama."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa pua. "Mwanamke yule." Kisha akasogea kitandani kumpisha akae. "Na ule wa mjukuu wangu, wa mageti. Anaongea haraka mno, lakini mapigo yake yako sawa. Nani kamfundisha?"

"Hakuna. Amesikia tu nyumbani."

Mzee aliipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa zawadi na hataki kuonekana amefurahi. Wakakaa hapo mpaka wakaitwa kula, wakiusikiliza wimbo wa kwaya kwenye simu, na mzee akimtajia kila sauti ilikuwa ya nani: huyu alikuwa mpasua mawe, yule mama alizaa mapacha wiki moja baada ya kurekodi, huyu hapa, anayevuta pumzi, alikuwa na pumu na hakukosa zoezi hata moja. Binti wa Mama Pasi, yule wa kuchomelea, alipoingia jioni ile, amekunja uso tayari kwa ugomvi, babu yake alimwambia amwimbie ubeti wake tena, polepole, ili ausikie vizuri. Ugomvi ukaishia hapo.

Kazini Jumatatu Kijiko alikuwa ameshatembea hospitali nzima akijigamba kwamba yeye ndiye meneja. Watu wakaanza kuja chumba cha kufulia wakijifanya wamefuata mashuka. Muuguzi mkuu wa upasuaji, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu kabla ya chakula cha mchana, alisimama mlangoni na simu mkononi. "Mama Pasi, ile orodha. Yote, siyo nusu." Wa jikoni wakaitaka. Wa maabara wakaitaka. Mtu anamtumia mwenzake, mwenzake anamtumia shemeji, ikawa haijulikani tena imefika wapi. Redio walimpigia arudi. Akawaambia atakuja na baba yake, na wajiandae kukosolewa.

Wiki chache baadaye alikuwa akisukuma mkokoteni wa mashuka safi kwenye ukumbi wa nje, akapita kibanda cha walinzi. Kulikuwa na mlinzi mgeni, ameanza kazi siku ile ile, simu yake imeegemea chupa ya maji, na ndani yake kwaya ya mzee inaimba.

"Mama, simama kidogo," alisema mlinzi kwa heshima. "Shikamoo. Samahani, wewe unapenda muziki?"

"Marahaba. Napenda kiasi."

"Basi sikiliza huu. Kuna orodha fulani inazunguka humu mjini, sijui ni ya nani, ina kila kitu. Lakini huu ndio kiboko yake. Ngoja uwasikie hawa wa sauti ya chini wanavyoingia. Ngoja... hapo! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Halafu ukiisha huu, unakuja wa rumba. Usiondoke."

Mama Pasi alikuwa na mashuka ya wodi mbili yanayongojwa. Aliegemeza mkokoteni ukutani, akafunga mikono kifuani, akamwacha mlinzi amweleze mpaka mwisho.